Pengo la Uzio wa Utupa

Kijana mmoja kati yenu, sitamtaja kwa sababu anajijua, alisimama wiki iliyopita mbele ya uzio wangu wa utupa hapa Nyanga, akautazama kwa jicho la mkaguzi, kisha akaniambia kwa upole wa kunionea huruma: "Babu, uzio wako una pengo." Nikamjibu kwamba najua. Akajitolea kuliziba, akasema ni kazi ya asubuhi moja tu. Nikamkataza asiguse. Mkatazamana, na mimi nikayasoma mawazo yenu: mzee amechoka, hata uzio sasa umemshinda.

Sijachoka. Mwalimu wenu wa shule ya Kahororo amewapa kazi ya kulinganisha mnyama mwitu wa jamii ya panya na mmea wa kichaka unaotoa maua, nanyi mkaona njia fupi ni kuja kwa mzee aliyekuwa mtega fuko tangu enzi za Mwingereza. Najua pia kwamba hapa kwangu ndizi za kuchoma hazikosekani. Nimeamua kuwaandikia badala ya kuwasimulia, maana nikisimulia mtaandika nusu, na nusu nyingine mtaitunga wenyewe. Fuko nitamweleza, utupa nitaueleza, na pengo lile limo katikati yao, kwa hiyo msirukie mwisho.

Ndiyo, kazi ya kutega fuko ilikuwapo, tena iliheshimika. Siku hizo mtu wa kwetu alijulikana kwa kibanja chake: migomba mbele na nyuma ya nyumba, mibuni chini ya kivuli cha migomba, na makaburi ya wazee humo humo. Nje ya kibanja ni rweya, ile mbuga ya majani matupu ambako ng'ombe hulishwa na fuko huzaliana. Fuko akitoka rweya akaingia kibanjani, amefika mezani. Unalala mgomba umesimama na mkungu wake, unaamka umelala chini, na ukiugeuza unakuta shina limeliwa kwa chini kana kwamba mtu kalichonga kwa patasi. Hapo ndipo watu walipotuma salamu Maruku kwa Ta Rwegoshora, naye akaja au akanituma mimi.

Ta Rwegoshora ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mzee mfupi, mkali wa maneno na mpole wa mikono, na aliamini kwamba kijana hajifunzi mpaka achekwe kwanza. Siku yangu ya kwanza nilifika nimeoga kwa sabuni, nimepaka mafuta, shati limepigwa pasi. Akaninusa kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala, akaniambia nirudi nyumbani nikachafuke. Tangu hapo nikajua kwamba mtega fuko hagusi mtego mpaka amesugua mikono kwa udongo wa kibanja kile kile anachotega, maana udongo wa Maruku na udongo wa Nyanga kwa fuko ni harufu mbili tofauti. Mke wangu, tulipooana, alikuwa akiwaambia mashoga zake kwamba yeye ameolewa na fuko mkubwa, anayerudi nyumbani na udongo kwenye paji la uso na kuanza kutafuta viazi.

Sasa andikeni. Fuko ana ukubwa wa muhogo mfupi ulionona. Manyoya yake ni laini kuliko ya mnyama yeyote niliyemshika, macho ni vitone tu, na masikio itabidi uyatafute kwa kidole. Meno yake ya mbele yana rangi ya chungwa na yako nje hata akifunga mdomo, ndiyo maana anachimba kwa meno bila kula udongo. Udongo akishauchimba huusukuma kwa kichwa mpaka juu, ndiyo yale marundo mnayojikwaa nayo mkicheza mpira rweya. Anaishi peke yake. Akikutana na mwenzake wasipokuwa wanatafutana kwa ajili ya uzazi, wanapigana vibaya. Mizizi mingine anaila palepale, mingine anaibeba mpaka ghalani kwake, na ghala lake huwa safi kuliko vyumba vya baadhi yenu.

Lakini jambo moja kuhusu fuko ndilo lililonilisha miaka yote ile: hapendi mlango wazi. Ukitoboa njia yake upepo ukaingia, hata awe ameshiba, hata awe na usingizi, atakuja kuziba. Hatumtegi kwa chakula kama panya wa nyumbani. Tunafungua njia yake, tunaweka kitanzi cha waya wa breki ya baiskeli mdomoni mwa lile shimo, tunakifunga kwenye fito iliyopindwa, na uzi mwembamba wa mgomba unapita katikati ya njia kushikilia ile fito. Fuko anakuja anasukuma udongo kwa kichwa ili afunge nyumba yake. Uzi unakatika, fito inaruka, kazi imekwisha. Kuna siku nilimwambia Ta Rwegoshora kwamba ni vibaya kidogo kumwua kiumbe kwa sababu ya kupenda kufunga mlango. Akaniuliza kama chakula cha jioni nitakula kwake au nitakula huruma yangu.

Utupa ni upande mwingine wa kazi. Mnauona pale nje: urefu wa mtu na nusu, majani yamejipanga kwenye kijiti yakitazamana, maganda yenye manyoya ya kubembelezeka, na maua meupe au ya zambarau ambayo nyuki huyagombania. Ni mzuri, na ni sumu. Majani yakipondwa na kutiwa kijitoni, samaki wanalewa na kuelea juu, na kwa sababu hiyo serikali ya wakati ule ilikataza kuvua nao. Nilijifunza sheria hiyo kwa njia mbaya. Nilikuwa nimepondea mteja majani ya utupa tuyashindilie kwenye njia za fuko, nikaenda kuosha kikapu kijitoni bila kufikiri. Vidagaa vikaanza kuelea kiunoni mwangu. Watoto wakaja mbio na vibakuli, mama zao wakafuata, na mwisho akaja tarishi wa gombolola, ile ofisi ya chifu mdogo wa eneo letu. Ta Rwegoshora aliniacha nijieleze mwenyewe, naye akasimama pembeni na kutikisa kichwa kama mtu asiyenifahamu.

Watu wetu walipanda utupa kuzunguka kibanja wakiamini kwamba fuko hapiti chini ya mizizi yake. Mkiniuliza kama ni kweli, nitasema nimeona fuko waliopita na nimeona wengi zaidi waliogeuka. Uzio mwembamba wenye miti iliyoachana hauzuii kitu. Uzio mnene, mizizi ikishashikana, ni habari nyingine. Na uzio mnene kuliko wote niliouona maishani mwangu ulikuwa wa Ma Kokugonza, upande wa Muleba, njia ya kwenda Nshamba.

Nilikuwa nimeanza kwenda kazini peke yangu wakati salamu zake zilipofika. Nikafunga fito na waya kwenye baiskeli nikaenda. Nilipoufikia uzio nikashuka, si kwa sababu ya mlima, bali kwa sababu sikutaka kupita haraka. Ulikuwa umechanua wote. Ulikizunguka kibanja kizima, hata penye njia ya kuingilia palikuwa pameachwa upenyo wa mtu mmoja tu kupita ubavu, na mizizi ya pande zote mbili ilikuwa imeshaungana chini ya miguu. Nikajiambia kwamba hapa fuko hawezi kuwapo, mama huyu ameona panya akamwita fuko.

Ma Kokugonza alinipokea kama wapokelewavyo wageni kwetu, akanipa kiti, akaniletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Alikuwa mjane, hajazeeka, mwenye sauti ya chini na macho yanayokungoja umalize. Nyuma yake nikaona kibanja. Migomba ilikuwa imelala huku na huku na mikungu yake mibichi. Nilitafuna ile kahawa huku nikiihesabu.

"Uzio huu ni mkono wa nani, Ma?" nilimwuliza.

"Wa Ta Laurenti, mume wangu," alisema. "Kifua kilikuwa kimeshamshika, jembe haliwezi tena. Akachukua kigoda chake na kijiti na mfuko wa mbegu. Akawa anakaa, anatoboa, anatia mbegu, anafukia, anasogeza kigoda. Mimi namwambia, pumzika bojo, nakusihi. Ananiambia, Koku, nikiondoka utakuwa na mengi ya kukuhangaisha, sitaki fuko awe mmojawapo."

Aliuzungusha uzio mpaka ukakutana, kisha akafa kabla haujatoa ua hata moja. Kaburi lake lilikuwa karibu na nyumba, limezungushiwa mawe, limetandikwa majani makavu. Kando yake, karibu kabisa na yale mawe, palikuwa na rundo la udongo mbichi. Nikalijua bila kuinama.

Mambo yalikuwa hivi, na aliniambia siku ile ile bila kulalamika. Hakuwa na mtoto wa kiume. Kibanja kilikuwa cha ukoo wa mumewe, naye aliachwa pale maadamu anaweza kukitunza. Baada ya kuchuma kahawa ukoo ungekaa, na shemeji yake, Ta Kashaija, angeulizwa hali ya kibanja. Migomba ikiendelea kuanguka, jibu lingekuwa jepesi: mama ameshindwa, arudi kwa kaka zake. "Kwa kaka zangu hawatanikataa," alisema, akalitazama kaburi. "Lakini huyu nitamwachia nani?"

Nikasugua mikono kwa udongo wake nikaanza kazi kwa nguvu zote za kijana anayetaka kusifiwa. Nilitega pande zote za nyumba, mbali na kaburi, maana kwenye kaburi hatuchimbi. Asubuhi yake mitego yote ilikuwa imefukiwa. Fuko alikuwa amesukuma udongo kutoka mbali, akaujaza polepole juu ya kitanzi na uzi na kila kitu, akaziba nyumba yake na kurudi kulala. Nikategua, nikatega upya, akafukia tena. Alikuwa fuko mzee, na alinifundisha adabu ambayo Ta Rwegoshora hakuwahi kunimalizia.

Mtego ukishindwa, mtega fuko hurudi kwenye swali la mwanzo: mnyama huyu anaingilia wapi? Ukiijua njia anayotokea rweya, utamngojea huko. Nikaanza kuuzunguka uzio kwa nje, nikikanyaga kwa kisigino kusikiliza penye uwazi chini. Hakuna. Nikauzunguka kwa ndani. Hakuna. Kisha nikaona kile ambacho ningepaswa kukiona tangu nilipofika. Marundo ya udongo yalikuwa kila mahali kibanjani, lakini yote yaliishia hatua chache kabla ya uzio, pande zote, kama ng'ombe wanavyokanyaga mpaka kwenye mlango wa zizi na kugeuka.

Nikakaa chini pale pale. Fuko alikuwa ameingia kabla, wakati mbegu bado ziko mfukoni mwa Ta Laurenti. Mzee yule, kwa kigoda chake na kikohozi chake, alikuwa amemfungia ndani. Rweya yote ilikuwa nje kwa ajili ya fuko huyo, nyasi na mizizi ya kumtosha yeye na wajukuu zake, naye hakuweza kuifikia. Kwa hiyo alikula alichofungiwa nacho, mgomba baada ya mgomba.

Dawa yake niliijua mara moja. Ufungue uzio upande wa chini unaoelekea rweya, ung'oe mpaka mizizi, kisha uanzie juu kushindilia majani ya utupa yaliyopondwa kwenye njia zake, umsukume taratibu mpaka atoke. Dawa haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kumwambia mama yule kwamba kinachomfukuza nyumbani kwake ni zawadi ya mwisho ya mumewe. Nilikuwa sijawahi kuogopa mteja. Siku ile niliogopa, na moyo uliniuma kama vile Ta Laurenti alikuwa baba yangu.

Basi nikafanya ujinga wa kijana. Nikaendelea kutega mitego ambayo nilijua haina maana. Nikamsaidia kutandika nyasi, nikakata majani makavu ya migomba, nikategemeza mgomba mmoja kwa nguzo kana kwamba ndilo nililoitiwa. Ta Kashaija akaja kutusalimia. Alikuwa mtu wa watu, mwumini, na alimpenda marehemu kaka yake. Msimfikirie kama shemeji mbaya wa kwenye hadithi. Alisimama juu ya mgomba ulioanguka, akauinua mkungu ule mchanga mkononi, akaulaza chini tena taratibu.

"Shemeji," alisema, "ndugu yangu alikupenda, na sote twajua. Lakini kibanja hakishibi upendo. Mimi wakiniuliza nitasema nini?"

"Waitu, utasema unachokiona," Ma Kokugonza alijibu kwa heshima.

Alipoondoka, mama akaja na kikapu cha kahawa, akakaa karibu yangu kwenye majani. Nilikuwa nasuka uzi wa mtego.

"Mwanangu, umeshajua anapoingilia?"

"Bado natafuta, Ma."

"Hapana," alisema. "Umeuzunguka uzio kutwa nzima, kisha ukakaa chini. Anayetafuta asipoona huwa anauliza. Wewe tangu umeinuka pale huniulizi kitu, na kazi za nyumba yangu unazifanya kuliko mkwe. Umeona nini?"

Vijana, nimewahi kuulizwa maswali na mabwana shamba, na tarishi wa gombolola, na mke wangu. Hakuna aliyenibana kama mama yule kwa sauti yake ya chini. Nikaweka uzi.

"Haingii, Ma," nikasema. "Yumo."

Akaugeukia uzio, akauzungusha macho kuanzia juu mpaka chini, mpaka ukakutana tena. Nikamwona anaelewa. Nilidhani atalia. Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, mpaka akajishika tumbo.

"Laurenti," alisema. "Alikuwa hivyo hivyo. Jioni ikifika anafunga mlango, hatazami kwanza nani yumo ndani. Mara ngapi tumelala na beberu la jirani. Asubuhi linatoka mbele ya watu wote, naye anajifanya halijui."

Akacheka tena, na katikati ya kicheko hicho machozi yakaja, akayaacha yashuke. Nami sikujua nitazame wapi, nikatazama mikono yangu. Baadaye akaniuliza ni upande gani unaopaswa kufunguliwa. Nikamwonesha kule chini.

"Pale ndipo alipomalizia," alisema. "Mistari mingine yote imenyooka. Pale mkono ulikuwa unatetemeka, mbegu zimeanguka zinavyotaka. Naupenda upande ule kuliko pande zote. Kesho tutazungumza. Leo niache nikae nao."

Nilikwenda kulala kwa Ta Kashaija nikiwa na hakika kwamba atakataa, na sikumlaumu. Asubuhi niliporudi nikasikia panga kabla sijafika. Alikuwa ameanza mwenyewe. Maganda yote yaliyokomaa ya upande ule alikuwa ameshayachuma na kuyaweka kikapuni, na sasa alikuwa anakata shina moja moja, analaza matawi na maua yake kwenye majani ya mgomba, bila kulitupa hata moja. Nilipotaka kumpokea panga akanipa jembe. Kung'oa mizizi aliniachia mimi, na nadhani hilo peke yake ndilo alilokuwa hawezi.

Tukayaponda matawi yale yale. Nataka mlisikie hili vizuri mtakapomsomea mwalimu: hatukuchukua utupa wa mahali pengine. Tulianzia upande wa juu, tukafungua njia ya fuko, tukashindilia majani, tukafukia, tukashuka hatua chache, tukafanya vile vile. Fuko hasubiri harufu ile imfikie puani. Anahama. Tulipofika kwenye kaburi nikasimama, maana kiota chake kilikuwa pale chini na pale jembe halipigi. Ma Kokugonza akapiga magoti. Akachukua majani yaliyopondwa kwa mikono miwili, akayasukuma kwenye tundu lililokuwa kando ya mawe, bila kuchimba, bila kuligusa jiwe. Nikamsikia akisema kama mtu anayezungumza na mumewe aliye chumba cha pili: "Baba, mgeni wako anatoka. Tumemfungulia."

Ilituchukua siku kadhaa. Kila asubuhi marundo mapya yalikuwa yameshuka kidogo: kwanza yalitoka kaburini, kisha yakaipita mibuni, kisha yakafika kwenye viazi. Halafu asubuhi moja kibanjani hapakuwa na rundo jipya hata moja. Tukashuka pamoja mpaka kwenye pengo. Nje, katikati ya nyasi za rweya, palikuwa na udongo mweusi, mbichi, unatoa mvuke kwenye baridi. Mbele yake kulikuwa na mwingine. Alikuwa anakwenda zake.

Ma Kokugonza alikuwa na kahawa mkononi. Akatafuna moja, akanipa moja. Kisha akauambia ule udongo, kwa adabu kamili kama anavyoagwa mgeni aliyekaa muda mrefu, "Haya, nenda salama." Nilirudi Maruku bila fuko, bila hata mkia wa kuonesha. Ta Rwegoshora akacheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo akawa akiniita Mfungua Mlango mbele ya wateja. Jina likanishika mpaka Bukoba mjini.

Kahawa ikachumwa, ukoo ukakaa. Sikuwapo, lakini nilisimuliwa. Ta Kashaija alisema alichokiona: machipukizi yamesimama, ardhi imetandikwa vizuri, udongo aliouchimbua fuko umekuwa laini na mama amepanda maharage juu yake. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe atamletea shemeji yake nyasi za kutandika. Jambo likaishia hapo, na Ma Kokugonza akabaki na kibanja chake mpaka uzeeni.

Mwalimu akitaka tofauti, mpeni: mmoja ana damu na mwingine ana utomvu, mmoja anakimbia mwanga na mwingine anautafuta, mmoja anaishi peke yake na mwingine hana nguvu asipopandwa pamoja na wenzake. Akitaka kufanana, mwambieni kwamba wote wawili hufanya kazi yao chini ya udongo, wote wawili huacha ardhi ikiwa laini kuliko walivyoikuta, na wote wawili hufunga. Fuko hufunga kwa sababu anaogopa upepo. Utupa hufunga popote ulipopandwa, haujali umemfungia nani.

Niliwahi kupita tena Muleba miaka mingi baadaye. Lazima mjue kwamba utupa hauishi sana. Miaka michache unakauka na ni lazima kupanda upya. Uzio wa Ta Laurenti wenyewe ulikuwa umekwisha zamani. Nikaukuta mwingine, mnene vile vile, umechanua, na upande wa chini kuna pengo. Ma Kokugonza alikuwa amekaa pale pengoni, kwenye kigoda, anaitazama rweya jioni ikiingia. Nikamtania, nikamwuliza kama mbegu zilimwishia.

"Mbegu ninazo," alisema. "Ni zake zile zile, nazichuma kila mara kabla hazijapasuka. Napanda kuanzia juu kama alivyofanya, nashuka, mpaka nafika hapa." Akakigusa kile kigoda, nami nikakitambua ni cha nani. "Nikifika hapa naacha. Hapa ndipo kazi yake ilipoishia, mwanangu. Nikiziba, itakuwa imekwisha."

Akaingia ndani, akanifungia mbegu kwenye jani la mgomba. Nilizipanda hapa Nyanga mimi na mke wangu, kila mmoja upande wake, tukianzia juu. Tulikutana kule chini, na tulipokaribia kugusana mikono mke wangu akasema, "Basi, hapa tuache, tusije tukamfungia fuko wangu ndani." Uzio ulikauka, tukapanda tena, na kila mara aliurudia utani huo alipofika pale. Mara ya mwisho tulipanda pamoja mwaka uliotangulia kufa kwake.

Sasa mnajua kwa nini nilikataa pengo kuzibwa. Mbegu ziko kwenye kibuyu nyuma ya mlango, chukueni za kuwatosha mkapande kwenu. Ila mkifika kule chini, kabla hamjatia mbegu ya mwisho, geukeni kwanza mtazame ndani.